Kilowati moja ya FM Kigoma: valvu, mosfeti ya zamani, LDMOS au klasi E?

Muuzaji wa mtambo wa FM hutaja wati zinazotoka. Mita ya umeme ya LUKU huhesabu wati zinazoingia. Tofauti ya hizo mbili ni joto, na joto hilo unalilipia mara mbili: linapozaliwa ndani ya mtambo, na tena unapowasha feni na kiyoyozi kulitoa chumbani. Redio ya Kigoma au Kasulu inayorusha saa 24 kwa kilowati moja inaweza kula uniti 32 kwa siku au uniti 50, na msikilizaji wa Ujiji asisikie tofauti yoyote.

Hapa nalinganisha njia nne za kupata hiyo kilowati moja kwenye masafa ya FM: valvu (taa za ombwe), mosfeti (aina ya transista) za zamani, LDMOS (mosfeti za kisasa za nguvu kubwa) na klasi E (transista inayofanya kazi kama swichi). Ninamwandikia mtu mwenye bajeti ndogo, mnara mmoja na fundi mmoja, siyo shirika lenye stoo ya vipuri.

Kwanza mawimbi, transista baadaye

Kosa la kawaida ni kuuliza "transista gani nzuri?" kabla ya kujua unarusha kitu gani. Kwenye FM, sauti imo katika kubadilika kwa masafa, na kimo cha wimbi hakibadiliki kamwe. Mtangazaji akinong'ona au akipiga kelele, wati ni zilezile. Kwa hiyo amplifaya ya FM haina haja ya kunakili umbo la wimbi kwa uaminifu. Inaruhusiwa kulikata, kulibana na kulisukuma hadi mwisho wa nguvu yake (ndiko kushiba), mradi chujio la mwisho lirudishe umbo safi kabla ya antena.

Ruhusa hiyo ndiyo inayoleta akiba yote. Klasi A, ambayo transista yake inapitisha umeme muda wote, haiwezi kuvuka 50% hata kwenye karatasi. Klasi B inapitisha nusu ya wimbi tu na kikomo chake ni 78.5%. Klasi AB hukaa katikati ya hizo mbili. Klasi C hupitisha chini ya nusu: inausukuma mzunguko wa koili na kapasita kwa vipigo vifupi, kama anayesukuma bembea pale tu inapofika kwake, na ufanisi wake unapanda juu ya 78.5%. Ukizidi kufupisha vipigo unaikaribia 100%, lakini nguvu inayotoka nayo inakwisha, kwa hiyo hakuna anayefika huko.

Mtu anayekuuzia amplifaya ya klasi A au AB kwa ajili ya FM kwa hoja kwamba "sauti itakuwa safi zaidi" anakuuzia joto. Usafi wa sauti ya FM unatoka kwenye eksaita, kifaa kidogo kinachotengeneza mawimbi ya FM kabla ya amplifaya.

Namba nne kando kwa kando

Jedwali hili ni la wati 1,000 kwenye soketi ya kutokea. Ufanisi wa amplifaya na wa pawasaplai nimeuchukua kwenye kiwango cha kawaida cha kila aina. Ni mfano wa kupigia hesabu, mtambo wako unaweza kupishana nao kidogo.

| Njia | Amplifaya | Pawasaplai | Wati ukutani | Joto chumbani |
|---|---|---|---|---|
| Valvu, klasi C | 70% | 90% | karibu 1,790, pamoja na filamenti na feni kubwa | 790 |
| Mosfeti ya zamani, klasi AB, transfoma ya chuma | 60% | 80% | 2,083 | 1,083 |
| LDMOS ya volti 50, imesukumwa hadi kushiba | 80% | 93% | 1,344 | 344 |
| Klasi E iliyotuniwa vizuri | 88% | 93% | 1,222 | 222 |

Mistari ya mosfeti, LDMOS na klasi E haina feni. Ongeza wati kadhaa.

Angalia safu ya kulia kwanza. Kutoka mosfeti ya zamani kwenda LDMOS unaondoa wati 739 za joto. Kwa siku ni uniti 17.7, kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 532. Ukipiga kwa shilingi 300 kwa uniti, namba ya kurahisisha hesabu tu, ni karibu shilingi 160,000 kila mwezi. Umeme ukikatika ukawasha jenereta ndogo, ambayo hunywa kama lita 0.4 kwa uniti, tofauti hiyohiyo ni lita saba za dizeli kwa siku nzima. Wanaokumbuka miaka ambayo umeme wa Kigoma mjini ulitoka kwenye majenereta hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kutoka LDMOS kwenda klasi E, kinyume chake, unaokoa wati 122 tu. Nitarudi hapo.

Valvu

Bado zipo, na mtu akikupa ya bure utashawishika. Faida yake ni ya kweli: valvu husamehe. Antena ikipata hitilafu, radi ikipiga karibu, valvu inatikisika kisha inaendelea, mahali ambapo transista za zamani zingekuwa zimekwisha. Ufanisi wa klasi C kwenye anodi nao si mbaya, 70% hadi 75%.

Hasara ziko pembeni ya valvu yenyewe. Filamenti inakula umeme hata kama hurushi, feni lazima iwe kubwa na isisimame, valvu inachakaa na lazima uwe na nyingine kabatini, na anodi inakaa kwenye volti elfu mbili, tatu au zaidi. Volti hizo haziachi nafasi ya kujifunza kwa kujaribu. Kama fundi wako hajawahi kufundishwa kutoa chaji ya kapasita kwa fimbo ya kutuliza kabla ya kuingiza mkono, usimwachie mtambo wa valvu. Kwangu hilo peke yake linatosha kuiondoa valvu kwenye orodha ya redio ya fundi mmoja.

Mosfeti ya zamani

Hii ndiyo inayouzwa mitumba, mara nyingi kutoka Ulaya: moduli za wati 300 zenye transista kama BLF278 au MRF151G, nne zimeunganishwa, na transfoma zito la chuma chini ya kabati. Bei yake huvutia, na zilitengenezwa kwa umakini. Nimeona paleti (bodi za amplifaya) za aina hii ambazo shaba yake bado inang'aa baada ya miaka mingi ya kazi.

Tatizo ni lile joto la wati 1,083. Chumba cha mtambo chenye dirisha dogo na bati juu, mwezi wa Septemba au Oktoba, kinageuka tanuri, na joto linafupisha maisha ya transista na zaidi ya kapasita za elektroliti. Ukiweka kiyoyozi, nacho kinaongeza karibu theluthi moja ya joto hilo kwenye bili. Mtu wa Tabora, ambako mchana wa Oktoba una joto kavu linalozidi nyuzi 30, ataliona hilo mapema kuliko sisi wa kando ya ziwa.

Kama umeshanunua, kuna nusu njia: iache amplifaya, toa transfoma na rektifaya, weka pawasaplai ya kisasa ya kuswichi yenye volti 48 hadi 50. Ufanisi wa pawasaplai ukipanda kutoka 80% hadi 93%, ukutani unashuka kutoka wati 2,083 hadi 1,792. Karibu wati 290 zimeokolewa bila kugusa hata koili moja ya mawimbi. Hiyo ndiyo shughuli ya kwanza ningeifanya kwenye mtambo wowote wa mtumba, sharti pawasaplai iwe na kinga ya volti kupanda, kwa sababu umeme wetu una tabia zake.

LDMOS

Hapa ndipo soko la FM lilipo sasa, na kwa sababu nzuri. Transista moja kama BLF188XR imetajwa kwa wati 1,400, na MRF1K50H kwa wati 1,500, zote kwa volti 50. Yaani kilichohitaji paleti nne na viunganishi vya kujumlisha nguvu zake kinafanywa na kipande kimoja chenye upana wa vidole viwili. Kwenye masafa ya FM, paleti iliyotengenezwa vizuri inatoa 80% na zaidi kidogo. Tena zimetengenezwa kuvumilia antena mbovu: watengenezaji wanazipima kwa uwiano wa mawimbi yanayorudi wa 65 kwa 1, ambao ni karibu sawa na kung'oa kebo ya antena huku mtambo unawaka. Usifanye jaribio hilo kwa makusudi, lakini ni vizuri kujua.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni joto: wati 200 zikitoka kwenye eneo dogo namna hiyo, alumini peke yake haizitawanyi haraka ya kutosha. Lazima kuwe na bamba nene la shaba chini ya transista, na transista iwe imechomelewa kwa risasi kwenye shaba, au angalau imekaa juu ya mafuta ya joto yaliyopakwa membamba na sawasawa. Ukifungua mtambo wa bei ya kutupa ukakuta transista imefungwa skrubu mbili moja kwa moja kwenye alumini, na mafuta meupe yamejaa pembeni kama siagi iliyozidi, funika urudishe.

La pili, transista bandia. Transista hizi zina bei, kwa hiyo zipo zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya. Zinawaka, zinatoa wati 600, kisha zinakufa. Nunua paleti nzima iliyopimwa, iliyokuja na karatasi ya vipimo vyake, kuliko kuagiza transista moja moja mtandaoni kwa sababu tu bei imekuwa nusu.

La tatu ni chujio. Amplifaya iliyoshiba huzaa mawimbi ya ziada kwa wingi, na yale ya mara mbili ya masafa yako yanaangukia kati ya megahezi 176 na 216. Mbaya zaidi, paleti iliyotuniwa vibaya inaweza kujianzishia mtetemo wake yenyewe pembeni ya masafa yako, na juu tu ya megahezi 108 ndipo yanapoanza masafa ya ndege. Kigoma tuna uwanja wa ndege. Chujio zuri linakula kama desibeli 0.2, karibu 4.5% ya nguvu, na muuzaji anayejisifu kwa 85% mara nyingi amepima kabla ya chujio. Muulize amepima wapi.

Klasi E

Kwa mwenye kupenda ufundi, hii ndiyo inayovutia kuliko zote. Nathan Sokal na Alan Sokal waliichapisha mwaka 1975: transista inafanya kazi kama swichi, na mzunguko wa nje umepangwa ili volti iwe imeshuka hadi sifuri kabla swichi haijafunga. Volti na mkondo havikutani, kwa hiyo joto halipati pa kuzaliwa. Kwenye karatasi ni 100%.

Kwenye mnara wa FM kuna vikwazo viwili. Volti kwenye dreni (mguu wa transista unaopokea umeme wa pawasaplai) ya klasi E hupanda hadi mara 3.56 ya volti ya pawasaplai. Kwa volti 50 ni 178, wakati kikomo cha LDMOS nyingi za aina hiyo ni takriban 135. Itakubidi ushushe pawasaplai chini ya volti 38, na hapo nguvu inashuka nayo. Kikwazo cha pili ni kwamba utuni wake ni mwembamba: ukiupata kwenye megahezi 92, na Mamlaka ya Mawasiliano ikakupa masafa mengine mwakani, unaanza upya na koili zako. Paleti ya LDMOS ya kawaida inafanya kazi 88 hadi 108 bila kuguswa.

Kwa hizo wati 122, sioni sababu. Kwenye mawimbi ya kati hali ni tofauti kabisa: huko masafa ni ya chini, transista za kuswichi zinafanya kazi bila taabu, na mitambo ya kisasa hupita 85% kuanzia ukutani hadi kwenye antena. Swichi zinastahili huko.

Transista moja au moduli nne?

Swali hili lina uzito kuliko klasi, hasa kwa tulio mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Mtambo wa transista moja ukifa, redio imezima mpaka kipuri kifike. Mtambo wa moduli nne ndogo ukipoteza moja, haubaki na robo tatu kama wengi wanavyodhani. Kiunganishi kinakosa mizani, na kinachofika kwenye antena ni robo tatu mara robo tatu, yaani 56%. Kwa kilowati moja ni wati 560, na wati nyingine kama 190 zinaishia kwenye rezista ya kiunganishi, ambayo inapaswa kuwa na uwezo wa kuzimeza.

Wati 560 badala ya 1,000 ni upungufu wa desibeli 2.5. Wasikilizaji wa mjini hawatajua. Wa pembezoni watapata mkwaruzo. Ila redio inaendelea, matangazo ya biashara yanaendelea, na fundi analala. Njia ya katikati, na ndiyo ninayoipendekeza, ni moduli mbili za LDMOS zenye pawasaplai mbili tofauti. Moja ikifa unabaki na robo moja kupitia kiunganishi, lakini ukikipita kiunganishi kwa kebo ya akiba iliyotengenezwa mapema unarudi kwenye nusu. Dakika kumi za kazi, mtambo ukiwa umezimwa.

Kupunguza nguvu kwa njia sahihi

Leseni yako inasema wati 500 na mtambo ni wa 1,000? Au usiku unataka kubana matumizi? Wengi hushusha nguvu ya eksaita. Wati zinapungua, lakini transista inatoka kwenye kushiba na ufanisi unaporomoka: unalipia joto lilelile kwa nusu ya kazi.

Shusha volti ya dreni badala yake. Nguvu hufuata volti mara volti, kwa hiyo kutoka volti 50 kwenda 35 unapata nusu ya wati, na transista inabaki imeshiba kama mwanzo, ufanisi karibu uleule. Pawasaplai nyingi za kuswichi zina skrubu au waya wa kurekebisha volti. Unapolinganisha mitambo miwili, muulize muuzaji: kitufe cha nguvu kinashusha volti au kinashusha eksaita? Jibu lake litakuonyesha kama anaujua mtambo anaouuza.

Kabla hujalipia asilimia, tazama kebo

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, na hakuna anayeziona kwa sababu kebo haina feni.

Mnara wa mita 50. Kebo ya RG-213, ambayo wengi huichagua kwa bei, hupoteza karibu desibeli 3.3 kwa urefu huo kwenye megahezi 100. Inayofika juu ni 47%. Kilowati yako imekuwa wati 470. Kebo ngumu ya nusu inchi hupoteza kama desibeli 1.1, juu zinafika wati 780. Ya inchi 7/8 hupoteza kama 0.6, zinafika wati 870. Mtu aliyenunua LDMOS ya 80% kisha akapandisha RG-213 amezidiwa na jirani yake mwenye mosfeti ya zamani na kebo nene.

Antena nayo. Kutoka dipoli mbili kwenda dipoli nne zilizopangwa wima, unapata desibeli 3. Maana yake wati 500 zenye dipoli nne zinasikika sawa na wati 1,000 zenye mbili, kwa nusu ya umeme, kila siku, bila kugusa amplifaya. Hakikisha tu mnara unabeba uzito na upepo wake, na jumla ya nguvu inayorushwa haijavuka leseni. Tena, kwa Kigoma, kama kilima kimeziba njia ya kwenda Kasulu, hakuna amplifaya itakayokisogeza. Huko unahitaji mtambo mdogo wa pili upande wa pili.

Kama hurushi FM

Wa minara ya simu, jedwali la juu si lenu. Mawimbi ya 4G yanapanda na kushuka, na kilele chake kinapita wastani kwa desibeli sita, saba au zaidi, kwa hiyo amplifaya inaishi mbali chini ya kikomo chake. Klasi B yenye 78.5% kileleni inabaki na 39% ikishushwa desibeli 6. Dawa yake ni mpango wa William Doherty wa mwaka 1936: amplifaya mbili, moja inafanya kazi muda wote, ya pili inaamka kwenye vilele tu, na ufanisi unarudi juu palepale desibeli 6 chini. Zamani ilitumika kwenye mitambo mikubwa ya AM, leo imo karibu kila mnara wa simu, ikisaidiwa na programu inayorekebisha upotovu kabla haujatokea.

Wa redio za SSB (za mawasiliano, ambazo kimo cha wimbi hufuata sauti), za boti au za mashirika yanayohudumia kambi, baki na klasi AB. Klasi C itaitafuna sauti.

Ningenunua nini

Kwa redio mpya ya kilowati moja hapa Kigoma: moduli mbili za LDMOS, pawasaplai mbili za kuswichi, kebo ya 7/8, dipoli nne. Pesa ikipungua, ningepunguza wati za mtambo kwanza na kuacha kebo na antena kama zilivyo. Mosfeti ya mtumba ningeichukua kwa sharti la kubadilisha pawasaplai, na hasa kama mtambo wa akiba. Klasi E ningeiacha kwa wanaopenda kujenga wenyewe.

Kabla ya kusaini, weka mtambo kwenye dami lodi (mzigo bandia unaomeza nguvu badala ya antena) ya kilowati moja pamoja na mita ndogo ya uniti kwenye waya wa kuingilia, uwashe kwa saa mbili mfululizo mchana, madirisha yamefungwa. Mita ikisoma karibu uniti 2.7 hadi 2.9, muuzaji amesema kweli. Ikisoma 3.5, mwombe apunguze bei au abebe mtambo wake. Kisha zima, fungua kifuniko, na kwa kipimajoto cha mwale pima shaba karibu na transista na kapasita za pawasaplai. Shaba ikizidi nyuzi 70 huku chumba kikiwa nyuzi 28, hiyo feni haitafika Oktoba.